Kumpelekea Bibi Ugoro



Kila msimu korosho zinapouzwa, na vijana walioko Mtwara na Dar es Salaam wanapopata nafasi ya kurudi nyumbani, mizigo inayoshushwa kutoka mabasini Masasi na Newala hufanana. Zimo khanga za Mama, imo sukari na sabuni, limo shati la Baba, na mahali fulani katikati, kimefungwa vizuri kisimwagike, kimo kikopo cha ugoro wa Bibi. Wengine hukinunua hata kabla ya khanga. Bibi akikipokea humwombea kijana baraka, na majirani husema huyu hakumsahau aliyemlea.

Nataka tukae kidogo juu ya kikopo hicho. Siulizi kama ugoro ni dhambi. Swali hilo limeulizwa mara nyingi mbele ya wazee, na kwa kawaida huishia katika ugomvi au kicheko. Naulizia jambo jingine: mtu ambaye amekwisha kujua kilichomo ndani ya ugoro, akimpelekea bibi yake, je, amempa heshima, au amempa nini?

Asiyetoka kwetu aweza kudhani kwamba haya ni mazoea tu ya uzeeni. Sivyo. Wazee wakikutana barazani, kikopo hufunguliwa kwanza, kikazungushwa, ndipo maneno yaanze. Mwenye ugoro asiyewagawia wenzake huonekana mchoyo. Wamakonde walivithamini vikopo vyao vya ugoro na dawa, viitwavyo mitete, hata wakavichonga kwa ustadi na vizibo vyake wakavipa sura. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliviandika kwa sifa. Tumbaku yenyewe haikuanzia kwetu. Ilitoka Amerika, ikaletwa na mabaharia katika zama za Wareno, kama mihogo na mahindi. Lakini hilo si kosa lake. Jambo likikaa kwa watu karne kadhaa huwa lao, na mtu asitwambie kwamba ni dogo.

Watetezi wa ugoro wana neno moja kubwa: hauna moshi. Sote tumesikia kwamba sigara huleta saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, na tumezoea kuulaumu moshi. Kwa hiyo anayebwia ugoro au kuunusa hujiona yuko upande wa salama. Wapo hata walioacha sigara wakahamia kwenye ugoro, wakamshukuru Mungu.

Lakini mwaka 1974 wanasayansi wa Marekani, Dietrich Hoffmann, Stephen Hecht na wenzao, walitangaza kwamba wameikuta ndani ya tumbaku isiyochomwa kemikali iletayo saratani katika wanyama. Kwa kifupi huitwa NNN. Anayo na ndugu yake, NNK. Zote mbili ni za ukoo uitwao nitrosamini. Mwaka 1986 Hecht na wenzake walieleza jinsi walivyowapaka panya mchanganyiko wa hizo mbili kinywani, na panya wakapata uvimbe wa kinywa. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba hata panya walionyweshwa NNN katika maji tu walipata uvimbe huo huo.

Jinsi kemikali hizi zinavyozaliwa ni jambo la kushangaza, maana hakuna mtu anayezitia. Jani bichi huwa nazo kidogo sana. Likining'inizwa likauke, kisha likalundikwa lichachuke, vijidudu visivyoonekana kwa macho huzigeuza chumvi za naitreti ambazo mmea ulizinyonya udongoni, na hizo zilizogeuzwa hukutana na nikotini na jamaa zake zilizomo katika jani. Katika kukutana huko ndipo nitrosamini hutokea. Ugoro ukiwekwa na unyevu mahali pa joto, zaweza kuendelea kuongezeka humo humo kikoponi. Kwa hiyo yule mama anayetwanga tumbaku yake kwa uaminifu na kuiuza sokoni hana hila yoyote. Ubaya umekwisha ingia kabla mchi haujagusa kinu.

Kisha hutiwa magadi au majivu. Kila mtumiaji anajua kwamba ugoro usio na magadi haushiki. Sababu ni kwamba magadi huifungua nikotini, ikapenya upesi katika ngozi laini ya mdomo. Nikotini yenyewe siyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha saratani hii. Kazi yake ni kumfunga mtu kamba, arudi tena baada ya muda mfupi, na kila arudipo nitrosamini hupata zamu yao. Zikiingia mwilini, mwili hujaribu kuzivunja ili uzitoe nje, na katika kuzivunja huzigeuza kuwa vipande vinavyojishikiza kwenye chembe za urithi zilizomo ndani ya seli. Seli iliyoharibiwa hivyo mara nyingi hutengenezwa upya au hufa. Moja isipotengenezwa wala kufa yaweza kuanza kuzaana bila mpango, na huo ndio mwanzo wa ugonjwa.

Hata hilo neno la kwamba hakuna moshi si kweli daima. Tumbaku iliyokaushwa kwa moto wa kuni, kama ile inayolimwa upande wa Songea na Namtumbo katika Mkoa wa Ruvuma, hunyonya moshi wa kuni pamoja na sumu zake, mojawapo ikiitwa benzopirini. Ikisagwa kuwa ugoro, mtu huula moshi uliokwisha kaa ndani ya jani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha taarifa kubwa juu ya jambo hili mwaka 2007. Lilihesabu kemikali 28 ziletazo saratani katika tumbaku isiyo ya moshi, na likaiweka tumbaku hiyo, pamoja na NNN na NNK, katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba humletea binadamu saratani. Saratani zinazotajwa ni za kinywa, umio na kongosho. Ushahidi mkubwa ni wa ugoro wa mdomoni. Ule wa puani umechunguzwa kidogo zaidi, ingawa daktari mmoja wa London, John Hill, aliandika tangu mwaka 1761 habari za wanusaji waliopata uvimbe puani.

Habari inayonigusa zaidi ni ya wanawake wa jimbo la North Carolina, Marekani, iliyochapishwa na Deborah Winn na wenzake mwaka 1981. Walikuwa watu wa kawaida, wengi wao wakiwa na umri mkubwa, waliokuwa wakibana ugoro kati ya shavu na fizi kama wanavyofanya bibi zetu. Miongoni mwa wale ambao hawakuvuta sigara, watumiaji wa ugoro walikuwa katika hatari ya saratani ya kinywa na koo mara 4 kuliko wasiotumia. Kwa saratani ya fizi na shavu, mahali hasa ugoro unapokaa, wale walioutumia kwa miaka mingi walifikia karibu mara 50. Nchini Sudan ambako ugoro wao, tumbaki, hutengenezwa kwa tumbaku kali na magadi, wapimaji walikuta nitrosamini nyingi hata kufikia mara mia ya zile za ugoro wa Marekani na Uswidi. Waswidi nao huupika wa kwao kwa mvuke ili kuwaua wale vijidudu, na nitrosamini zikapungua, ingawa hazikuisha. Kumbe kiasi cha sumu hutegemea namna ya kutengeneza. Na kikopo kinachouzwa sokoni kwetu hakina maandishi ya kumweleza mnunuzi kiasi hicho.

Hapa mtu husimama akasema: “Bibi yangu ametumia ugoro miaka sitini na bado analima.” Anasema kweli, na wala simbishii. Wengi wa watumiaji hawatapata saratani. Lakini wanaouvuka Mto Ruvuma kwa miguu wakati wa kiangazi pia wengi hufika ng'ambo, na ukiwauliza habari za mamba watakwambia hawakumwona. Aliyechukuliwa na mamba hayupo barazani kutoa ushuhuda wake.

Sasa nirudi kwa kijana na mzigo wake.

Waliopeleka ugoro zamani bila kujua walitoa upendo mtupu, na sioni wa kuwalaumu. Mtu wa Newala anajua thamani ya ndoo ya maji iliyopandishwa kutoka bondeni. Aliyechota kisimani asijue kwamba kuna mzoga, akampa mgeni maji hayo, amefanya ukarimu. Lakini aliyeuona mzoga, kisha akachota, akampa mgeni kwa tabasamu lile lile, huyo amefanya jambo jingine, ijapokuwa ndoo ni ile ile na asante aliyopewa ni ile ile. Nadhani hapo ndipo tulipofika wengi wetu. Tumesoma, tumesikia kwenye redio, wengine ni wauguzi na walimu. Tumeuona mzoga, na bado tunachota.

Tunajitetea kwa amri ya tano, kwamba baba na mama, na zaidi bibi na babu, waheshimiwe. Tunasema si adabu kijana kumfundisha mkubwa wake. Namjua mjukuu mmoja wa huko Newala, msomi, ambaye kwa miaka kadhaa alileta ugoro huku akijua. Siku alipojikaza akamweleza Bibi yote niliyoyaandika hapa, Bibi hakukasirika wala hakulia. Alimwuliza tu: “Na wewe uliyajua haya tangu lini?” Kijana hakuwa na jibu. Bibi alikwisha kuelewa jambo ambalo sisi tunajificha nalo, kwamba alikuwa ametendewa kama mtoto mdogo asiyeweza kuambiwa habari za mwili wake mwenyewe, na hayo yote yakaitwa heshima.

Wapo wanaokwenda upande wa pili. Kijana anarudi na elimu yake mpya, anakitupa kikopo chooni, anamkemea Bibi mbele ya watoto. Sikubaliani naye hata kidogo. Mama wa miaka themanini, aliyezika mume na watoto, ambaye starehe zake zimebaki mbili au tatu, hanyang'anywi moja kwa amri ya mjukuu. Tena kuacha ghafla kunatesa. Huja hasira, kichwa kuuma, usiku bila usingizi. Na saratani hii huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo faida ya kuacha kwa mzee sana si sawa na faida ya kuacha kwa mtu wa miaka thelathini. Hoja hiyo ni nzito, nami naipa uzito wake.

Ila isichukuliwe kupita mpaka wake. Tuseme Bibi amekwisha kuambiwa yote, akafikiri, akasema, “Mwanangu, nimesikia, lakini niletee.” Je, sasa mjukuu yuko huru? Kumpa mtu anayejua na kuomba si sawa na kumpa asiyejua. Hilo ni wazi. Lakini lile ombi halitoki kwa Bibi peke yake. Nikotini nayo inasema kwa kinywa chake, na hakuna mtu, pengine hata Bibi mwenyewe, awezaye kupima ni kiasi gani ni yeye na kiasi gani ni kamba. Mimi nasema hivi: ugoro usiwe zawadi. Kama Bibi anautaka kwa fedha yake, akajinunulia, hiyo ni shauri yake naye ni mtu mzima. Zawadi ya mjukuu iwe kitu kingine, blanketi la baridi ya uwanda wa juu, miwani, hata nauli ya kwenda kumwona daktari wa meno. Msomaji aweza kuniambia kwamba nimekwepa, maana fedha ya Bibi ni ile aliyompa mjukuu. Nakubali kwamba mstari huo ni mwembamba. Hata hivyo najua tofauti kati ya mtu anayenunua jambo na mtu anayelipokea likiwa limefungwa pamoja na upendo wa mtoto wake. La pili ni gumu zaidi kulikataa.

Kanisa nalo lilikwisha kuhangaika na tumbaku. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII aliikataza makanisani katika jimbo la Sevilla, Hispania, kwa adhabu ya kutengwa. Papa Innocent X akafanya hivyo kwa kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, mwaka 1650, na mwaka 1725 Papa Benedikto XIII akaliondoa katazo la Roma. Ndugu zetu Wakatoliki wa Ndanda watatusamehe kwa kuwataja. Sisi wenyewe tusingefanya vizuri zaidi. Ninachokiona katika habari hiyo ni kwamba shida ya wakati ule ilikuwa usafi wa nyumba ya Mungu, chafya na mate wakati wa ibada. Saratani haikuwamo katika mawazo ya mtu. Katazo lililosimama juu ya mate liliweza kuondolewa bila hasara. Sisi tunaijua sababu nyingine, isiyofutika kwa kufagia.

Juu ya watoto sina haja ya kupima kwa uzani mwembamba namna hii. Bibi akitaka ugoro humtuma mjukuu wa miaka minane. Mtoto huchukua fedha, hununua, hunusa njiani aone wakubwa wanapenda nini. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenye duka anayempa mtoto huyo kikopo anavunja sheria, hata akijua kwamba ni cha Bibi. Baadhi ya vijana siku hizi hawataki hata kikopo. Hutumia kuberi, vipakiti vyenye asili ya India ambavyo huuzwa kwa jina la kuburudisha kinywa, kumbe ndani ni tumbaku. Na mama mwenye mimba anayebwia ugoro anamgawia aliye tumboni ambaye hakuulizwa. Watoto wa akina mama hao huelekea kuzaliwa na uzito mdogo.

Kuna kijana wa Marekani aliyeitwa Sean Marsee, wa Talihina, jimbo la Oklahoma. Alikuwa mkimbiaji hodari mwenye medali 28. Alianza kuweka ugoro kinywani akiwa na miaka 12, akiona kwamba mwanamichezo hawezi kuvuta sigara lakini ugoro hauna madhara. Akapata saratani ya ulimi, wakamkata sehemu ya ulimi, kisha wakamkata tena na tena, akafa mwaka 1984 akiwa na miaka 19. Mama yake aliishtaki kampuni mahakamani, akashindwa mwaka 1986. Mtoto huyo hakuwa na miaka sitini ya ugoro. Alikuwa na michache tu.

Kwa wale ambao tayari wanatumia, na kwa wajukuu wao, kuna jambo moja la kufanya ambalo halimvunjii mtu heshima. Mwombe Bibi akae mlangoni penye mwanga, ainue mdomo na kuvuta shavu, utazame pale anapobana ugoro. Doa jeupe au jekundu lisilofutika kwa kitambaa, kidonda kisichopona kwa wiki mbili, uvimbe, jino lililolegea bila sababu, ugumu wa kumeza: akionekana na mojawapo ya hayo apelekwe Mkomaindo, au hospitali ya Newala, au Ndanda, na wakiona haja watamwandikia aende Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Doa likigunduliwa mapema, na mtu akaacha ugoro, mara nyingi hupungua au kutoweka. Msisubiri maumivu, kwa sababu mwanzoni haliumi.